Kabla ya kulipia tiketi, soma masharti ya unakokwenda na ya unakopita

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tukufu tuzungumze na wasomaji wako wanaosafiri kwa ndege, na pia tuzungumze na waandishi wako.

Kila unapozuka ugonjwa wa mlipuko, magazeti hubeba kichwa cha habari cha aina moja: nchi fulani yafunga anga, nchi fulani yazuia wageni. Asubuhi hiyo simu za ofisi za kukatia tiketi haziachi kulia, na swali ni lile lile: nisafiri, nisisafiri? Habari iliyochapwa haimjibu mtu huyo. Haisemi amri inaanza saa ngapi, inahesabiwa kwa kuruka au kwa kutua, inamgusa nani, na kama anayebadilisha ndege tu uwanjani naye yumo.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura ya UVIKO-19 tarehe 5 Mei 2023, na wengi wakayaweka mambo haya kando. Lakini homa ya Marburg, ugonjwa unaofanana na Ebola, ilitokea Kagera mwaka huo huo wa 2023, ikaonekana Rwanda Septemba 2024, kisha ikarudi Kagera Januari 2025. Ebola ya aina ya Sudan ilitangazwa Uganda Septemba 2022, na tena Januari 2025. Mpox ilitangazwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024. Marekani, kwa mfano, mwaka 2022 iliamua kwamba mtu yeyote aliyekuwa Uganda ndani ya siku 21 zilizopita ataingia kupitia viwanja vitano tu: JFK, Newark, Atlanta, O'Hare na Dulles. Mwaka 2024 ikafanya hivyo kwa waliotoka Rwanda, safari hii viwanja vitatu. Mtu mwenye tiketi ya kutua Houston au Boston hakuwa amezuiwa kuingia Marekani, ila tiketi yake ilibidi ibadilishwe kabla hajaondoka.

Tuanze kwa kutenganisha matangazo ya aina tatu ambayo huchanganywa kila siku. Kuna tahadhari ya safari, ambayo serikali huwapa raia wake yenyewe. Marekani ikiwaambia Wamarekani wasiende Tanzania, tangazo hilo halimzuii Mtanzania kwenda Marekani. Hata Mmarekani mwenyewe halimzuii kisheria, ingawa linaweza kumharibia bima yake ya safari. Kuna masharti ya kuingia, na haya ndiyo yanayomhusu abiria wetu: viza, cheti cha kipimo, chanjo, fomu ya afya, karantini. Tena kuna katazo la ndege, ambalo mamlaka ya usafiri wa anga hulitoa kwa mashirika ya ndege, mara nyingi kwa notisi fupi iitwayo NOTAM. Katazo la ndege linaweza kusimamisha ndege za abiria na kuacha za mizigo, au likazuia safari za moja kwa moja huku abiria anayezungukia nchi ya tatu akiruhusiwa.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Kenya ilisitisha ndege za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 25 Machi 2020 na kuziruhusu tena tarehe 1 Agosti. Ilitoa pia orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini, na Tanzania haikuwamo. Tanzania ikajibu kwa kuzuia ndege za Kenya Airways, na mwishoni mwa Agosti ikayazuia mashirika mengine matatu ya Kenya, mpaka mambo yaliposuluhishwa katikati ya Septemba. Aliyesoma kwamba Kenya imefungua anga, akaenda kulipia tiketi ya Dar es Salaam kwenda Nairobi, alikuwa amesoma habari ya kweli isiyomhusu.

Masharti ya kuingia nchi yasitafutwe kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani. Shirika hilo hupendekeza, na mara nyingi hupendekeza mipaka isifungwe. Kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, nchi inayochukua hatua kali kuliko mapendekezo hutakiwa kulieleza Shirika sababu zake ndani ya saa 48, lakini haiombi ruhusa. Pa kusoma ni pale amri ilipotoka: wizara ya afya, idara ya uhamiaji au mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi unayokwenda, na ubalozi wake. Angalia mwisho wa anwani ya tovuti. Za serikali ya Tanzania huishia go.tz, za Kenya go.ke, za Uganda go.ug, za Rwanda gov.rw, za Uingereza gov.uk. Kisha soma namba ya waraka na tarehe uliotolewa. Tanzania ilitoa matamko yake ya safari kwa namba. Tamko Namba 6, kwa mfano, ni la Mei 2021, na kila jipya lilibadilisha lililotangulia. Nakala za zamani ziliendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa miezi, zikiwa na nembo halali na sahihi halali. Waraka halisi uliopitwa na wakati humponza msafiri sawasawa na waraka wa kughushi.

Sasa tuje kwenye kosa kubwa kuliko yote, lililowagharimu watu fedha nyingi: kuangalia unakokwenda na kusahau unakopita.

Mwaka 2020 na sehemu kubwa ya 2021 Marekani haikuwa imeizuia Kenya wala Tanzania. Ilikuwa imewazuia wasio raia au wakaazi wake wa kudumu waliokuwa katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, ndani ya siku 14 zilizopita, tangu Machi 2020, na siku chache baadaye ikaongeza Uingereza na Ireland. Kukaa uwanjani kusubiri ndege kulihesabiwa kuwa ni kuwepo. Kwa hiyo mwenye viza safi ya Marekani, akitoka Nairobi kwenda Chicago kupitia Amsterdam au London, alikataliwa. Mtu yule yule, kwa viza ile ile, akipita Doha, alikubaliwa. Hali hiyo ilidumu mpaka tarehe 8 Novemba 2021, Marekani ilipoachana na utaratibu wa kuzuia kwa nchi na kuweka sharti la chanjo.

Saudi Arabia nayo, mwanzoni mwa Julai 2021, ilizuia watu kuingia kutoka Falme za Kiarabu na Ethiopia, pamoja na nchi nyingine mbili, kuanzia saa tano usiku wa Jumapili tarehe 4. Msafiri wa Dar es Salaam au Mombasa anayekwenda Jeddah hutegemea sana njia za Addis Ababa na Dubai. Tanzania na Kenya hazikutajwa popote katika tangazo lile, lakini njia zake mbili kuu zilifungwa kwa pamoja. Na Oman, ilipozuia nchi kumi kuanzia tarehe 25 Februari 2021, Tanzania ikiwa mojawapo, ilitaja pia yeyote aliyepita katika nchi hizo ndani ya siku 14. Mkenya aliyeshukia Dar es Salaam kubadilisha ndege ya kwenda Muscat alikuwa ndani ya katazo hilo.

Ndiyo maana kila tangazo lisomwe kwa maswali matatu. Je, linazuia kwa uraia, yaani pasi unayobeba? Linazuia kwa ukaazi, yaani nchi unayoishi kwa kibali? Au linazuia kwa mahali ulipopita siku za karibuni? Uingereza ilipoiweka Tanzania katika katazo lake Januari 2021, raia wa Uingereza na Ireland na wenye haki ya ukaazi huko waliruhusiwa kurudi na kujitenga, na wengine wote wakazuiwa. Uingereza ilihesabu siku 10 nyuma, Marekani na Oman 14, na kwa Ebola na Marburg huhesabiwa 21. Fungua pasi yako, usome mihuri, uandike kwenye karatasi kila nchi uliyokanyaga katika siku hizo 21, hata ile uliyolala uwanjani.

Kuna mtego mwingine wa njia, nao ni tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali. Ukiwa na tiketi moja mpaka mwisho wa safari, begi lako hupitilizwa na wewe hubaki upande wa abiria wanaobadilisha ndege. Ukikata tiketi moja mpaka Dubai na nyingine kutoka Dubai kwenda mbele kwa shirika jingine kwa sababu ya bei, mara nyingi utatakiwa kutoka nje, uchukue begi, ukajisajili upya. Hapo unahesabiwa umeingia nchini, na masharti yote ya mgeni wa Dubai yanakuhusu: viza, kipimo, fomu. Kuna wakati mwaka 2021 abiria wa nchi kadhaa waliokwenda Dubai, India na Pakistan zikiwemo, walitakiwa kuwa na kipimo cha UVIKO-19 cha maabara, yaani PCR, cha ndani ya saa 48 na tena kipimo cha haraka pale pale uwanjani saa chache kabla ya kuruka. Nafuu ya bei ya tiketi mbili ilimezwa na mambo hayo, na wengine hawakufika kabisa. Kipindi cha mlipuko, kata tiketi moja yenye namba moja ya safari.

Usisahau pia njia ya kufika uwanjani kwako mwenyewe. Tarehe 26 Machi 2021 Kenya ilifunga kaunti tano, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na ndege za ndani za kuingia na kutoka eneo hilo zikasimamishwa, huku ndege za kimataifa za JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, zikiendelea. Mtu wa Mombasa mwenye tiketi halali ya kutoka Nairobi alikuwa na tatizo la kilomita zisizofika 500 kabla ya safari ya maelfu. Vivyo hivyo kwa watu wa Arusha waliozoea kupanda basi dogo kupitia Namanga kwenda kurukia Nairobi: Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka huo kwa abiria, magari ya mizigo yakiruhusiwa.

Tuje kwenye saa, kwa sababu hapa ndipo hata watu waangalifu huanguka.

Masharti ya kipimo cha UVIKO-19 yalisema "saa 72". Swali la kwanza: saa 72 kuanzia wapi? Karibu kila nchi ilihesabu tangu sampuli ilipochukuliwa puani, na siyo tangu jibu lilipotolewa. Cheti kilichoonyesha tarehe ya jibu peke yake hakikufaa. Ukiona saa ya sampuli haikuandikwa, rudi maabara siku hiyo hiyo. Swali la pili: mpaka wapi? Tanzania ilihesabu mpaka kuwasili. Marekani ilihesabu mpaka kuruka kwa ndege ya kwanza, kwa sharti kwamba safari yote iko kwenye tiketi moja na hakuna mahali unaposubiri zaidi ya saa 24. Tena Marekani haikuhesabu saa bali siku za kalenda: siku tatu kwanza, na kuanzia tarehe 6 Desemba 2021 siku moja. Kenya ilikuwa na saa 96.

Tupige hesabu moja kwa utulivu. Ndege inaondoka Dar es Salaam Alhamisi saa kumi na moja jioni. Kwa kubadilisha ndege njiani, unatua mwisho wa safari Ijumaa saa tatu asubuhi kwa saa za huku kwetu. Ukipimwa Jumatatu saa kumi na mbili jioni, wakati wa kuruka zimepita saa 71, uko salama kwa nchi inayohesabu kuruka. Kwa nchi inayohesabu kuwasili, utatua na cheti cha saa 87, kimekufa njiani. Ukipimwa Jumanne saa nne asubuhi, utatua na saa 71, yaani umebakiza saa moja tu, na ndege yoyote inaweza kuchelewa saa moja. Ukipimwa Jumanne saa kumi jioni, utatua na saa 65. Una akiba ya saa saba za ucheleweshaji, na kama maabara inatoa jibu ndani ya saa 24, jibu liko mkononi Jumatano jioni na unayo Alhamisi asubuhi nzima ya kusahihisha jina likikosewa. Hesabu ianzie kwenye saa ya kutua na kurudi nyuma. Anayeanza na siku ambayo kituo cha kupima hakina foleni anajitafutia matatizo.

Amri nazo huandikwa kwa saa za nchi iliyozitoa. Uingereza ilipenda kuanza amri zake saa kumi alfajiri. Katazo lake dhidi ya Tanzania na Kongo lilianza tarehe 22 Januari 2021 saa kumi alfajiri ya London, ambayo kwa majira ya baridi ni saa moja asubuhi Dar es Salaam. Kenya iliingizwa kwenye orodha nyekundu, yaani orodha ya Uingereza ya nchi zilizowekewa katazo, tarehe 9 Aprili 2021 saa ile ile ya London, lakini kule walikuwa wameshasogeza saa mbele, kwa hiyo Nairobi ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Kilichohesabiwa ni kutua. Ndege inayoruka Nairobi saa tano na nusu usiku wa tarehe 8, kwa mwendo wa takriban saa tisa, ingetua London saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya tarehe 9 kwa saa za kule. Abiria wake angekuwa ameondoka kabla ya amri na kufika baada yake. Hili si la kufikirika tu. Tarehe 26 Novemba 2021, ndege mbili kutoka Johannesburg na Cape Town zilikuwa angani kuelekea Amsterdam wakati Uholanzi inatangaza hatua dhidi ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19 wakati huo. Abiria zaidi ya 600 walizuiwa kwa saa nyingi, wakapimwa, na 61 wakakutwa na virusi.

Na kuna ndege za usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa tarehe 15 saa 00:40 ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Anayekuja uwanjani jioni ya tarehe 15 amechelewa kwa karibu siku nzima. Fanya vivyo hivyo unaposoma amri inayoanza saa 00:00.

Sasa cheti chenyewe. Jina lifuate pasi ya kusafiria herufi kwa herufi, na namba ya pasi iwemo. Maabara nyingi huandika majina matatu kwa mpangilio wa kwetu, wakati pasi hutanguliza jina la ukoo. Mpe karani pasi yako aisome mwenyewe, usimtajie kwa mdomo. Tarehe iandikwe mwezi kwa maneno, kwa sababu 03/04 ni Aprili kwetu na ni Machi Marekani. Aina ya kipimo itajwe: PCR si sawa na kipimo cha haraka cha antijeni, na nchi iliyodai kimoja haikupokea kingine. Msimbo wa QR uuskani mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kwenda uwanjani. Ukifungua ukurasa wa maabara au wa wizara wenye jina lako, vizuri. Usipofungua chochote, kaunta watakuwa na karatasi tupu mbele yao. Kwa sababu ya vyeti vya kughushi, Kenya ilidai majibu yathibitishwe kwenye mfumo wa Trusted Travel wa Umoja wa Afrika, na karatasi ya maabara bila msimbo huo haikutosha.

Fomu za mtandaoni zina mpangilio wake. Fomu ya Tanzania ya Afya Msafiri ilijazwa ndani ya saa 24 kabla ya kufika. Ya Uingereza ilijazwa ndani ya saa 48, na haikukamilika bila namba ya malipo ya vipimo vya siku ya pili na ya nane. Aliyeifungua akiwa kwenye foleni ya uwanja wa ndege, bila kuwa amenunua vipimo hivyo, hakuwa na namna ya kuimaliza. Jaza, hifadhi jibu kama picha kwenye simu, kisha chapisha karatasi. Barua pepe ya uthibitisho mara nyingi huangukia kwenye kapu la barua taka.

Kwenye chanjo, angalia mambo mawili: aina ya chanjo, na nchi iliyotoa cheti. Mpaka Oktoba 2021, mtu aliyechanjwa AstraZeneca nchini Kenya alihesabiwa Uingereza kama hakuchanjwa, wakati chanjo ile ile ikitolewa London ilikubaliwa. Na siku zihesabiwe: Janssen, ambayo Tanzania ilianza nayo tarehe 28 Julai 2021, ni dozi moja, lakini nchi nyingi zilidai siku 14 zipite baada yake. Homa ya manjano ina sheria zake za zamani ambazo bado zinafanya kazi: kadi huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, na tangu tarehe 11 Julai 2016 ni ya maisha. Anayechanjwa siku moja kabla ya safari anabeba kadi isiyomsaidia kitu.

Kuhusu kaunta, tungependa wasomaji waelewe mhudumu anafanya nini anapobonyeza kompyuta. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa mwaka 1944 kinayataka mashirika ya ndege kuhakikisha abiria ana hati zinazotakiwa. Akikataliwa anakotua, shirika humrudisha na mara nyingi hutozwa faini. Uingereza hutoza pauni 2,000 kwa kila abiria. Kwa hiyo mhudumu husoma Timatic, mfumo wa IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, unaokusanya masharti ya nchi zote. Huingiza uraia, ukaazi, unakotoka, unakopita na unakokwenda, na mfumo humpa jibu. Baadhi ya tovuti za mashirika ya ndege humruhusu abiria kuuliza mfumo huo huo; uliza kabla ya kulipa. Ukikataliwa na una hakika uko sahihi, usigombe. Omba kwa upole maelezo yaingizwe upya, ukitaja kibali chako cha ukaazi, kwa sababu makosa mengi hutokea pale mhudumu anapoweka uraia wa Tanzania na kuacha kibali cha Oman au cha Ujerumani. Kisha omba msimamizi wa zamu, na umwonyeshe waraka wa serikali uliochapishwa, wenye namba na tarehe. Haya yanahitaji muda, kwa hiyo fika saa nne kabla, na siyo mbili.

Masharti yaangaliwe mara ngapi? Kabla ya kulipa. Wiki moja kabla. Siku ya kupimwa. Jioni ya kuamkia safari. Na asubuhi ile ile kabla ya kuita gari. Angalia na masharti ya kurudi nyumbani pia. Machi 2020 Tanzania na Kenya zote ziliwaweka wanaorejea kwenye karantini kwa gharama zao wenyewe, na raia hawakusamehewa. Uganda mwaka 2021 ilimpima kila anayetua Entebbe kwa dola 30, hata mwenye cheti.

Na ukijua huwezi tena kusafiri, mwambie wakala wako aondoe jina lako kwenye ndege ile kabla haijaruka. Asiyetokea hupoteza thamani ya kipande hicho, na kwa kawaida mfumo hufuta na tiketi ya kurudi. Ndege ikifutwa na shirika lenyewe, unadai fedha au tarehe mpya. Ukikataliwa kwa kukosa cheti, hesabu ni yako. Soma kanuni za tiketi yako kuhusu kubadilisha tarehe kabla ya kuvutiwa na bei ya chini, na uulize bima kama inalipa kwa ugonjwa ambao tayari umetangazwa, nyingi hazilipi.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni hili. Habari ya aina hii inapochapwa, iwe na namba na tarehe ya waraka, saa amri inapoanza kwa saa za Afrika Mashariki, kama inahesabu kuruka au kutua, inawagusa akina nani, na kama wanaopita tu wamo. Haya hayazidi mistari mitano. Amri ikiondolewa, nayo ipewe nafasi ile ile iliyopewa ilipowekwa. Kenya ilitoka kwenye orodha nyekundu ya Uingereza tarehe 22 Septemba 2021 na Tanzania tarehe 11 Oktoba. Mkaazi wa Uingereza aliyetua kutoka Dar es Salaam tarehe 10 Oktoba alipaswa kukaa siku kumi katika hoteli ya karantini kwa pauni 2,285, na aliyetua kesho yake asubuhi alikwenda nyumbani kwake.

Sisi,
Wakala wa tiketi za ndege,
Dar es Salaam